Karate au taekwondo kwa mtoto? Anza kwa kusoma sheria za pointi

Mzazi anayeuliza mtoto wake aanze karate au taekwondo kwa kawaida hujibiwa kwa mkato: karate ni mikono, taekwondo ni miguu. Jibu hilo si la uongo, ila halimfikishi mbali. Sisi tunaoshughulika na michezo ya watoto humwelekeza kwanza kwenye sheria za pointi za mashindano. Kocha hufundisha kile kinacholeta pointi, na mwili wa mtoto hujengeka kwa kile anachokirudia kila wiki.

Tuanze na taekwondo ya Olimpiki, inayosimamiwa na World Taekwondo. Ngumi halali kifuani hupata pointi 1, teke la kiwiliwili 2, teke la kichwa 3, na teke la kuzunguka huongezewa zaidi. Ngumi ya kichwa hairuhusiwi kabisa. Matokeo yake huonekana hata kwa mtu anayechungulia mazoezi kutoka mlangoni: watoto husimama wima, hurukaruka kwa wepesi, mikono yao mara nyingi iko chini, na sehemu kubwa ya kipindi huenda kwenye mateke. Mtoto hupata nyonga nyepesi, mizani nzuri kwa mguu mmoja na pumzi ndefu. Asichokipata kwa urahisi ni mazoea ya kulinda uso dhidi ya mkono wa mtu.

Karate ya Shirikisho la Dunia la Karate imepanga mambo tofauti. Ngumi ya kichwa au ya kiwiliwili hupata pointi 1, teke la kiwiliwili 2, na teke la kichwa 3. Pigo sharti lidhibitiwe. Anayempiga mwenzake kwa nguvu kupita kiasi huadhibiwa. Hapo ndipo ninapoiona thamani kubwa ya karate kwa mtoto. Anajifunza kutupa ngumi kwa kasi yote na kuizuia ifikapo shabaha, na hilo humdai umakini ambao michezo michache humdai mtoto wa miaka tisa. Lakini ngumi ya uso ipo ndani ya mchezo, na wanafunzi wasiojua bado kupima umbali hugongana mdomo na pua.

Haya yote ni ya mashirikisho hayo mawili tu. Jina lililoandikwa juu ya mlango wa dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, halitoshi. Taekwondo ya ITF, shirikisho lililoanzishwa mwaka 1966 na Choi Hong Hi, inaruhusu ngumi usoni kwa mguso mwepesi. Karate ya Kyokushin ni ya kupigana kwa nguvu kamili mwilini, ingawa ngumi za uso zimekatazwa. Shotokan, mtindo mwingine wa karate, hupenda misimamo mirefu ya chini inayoimarisha mapaja; Goju-ryu, nao mtindo wa karate, hufanya kazi karibu zaidi na mpinzani na hutilia mkazo upumuaji. Kwa hiyo muulize mwalimu mtindo wake ni upi na watoto wake hushindana chini ya sheria zipi. Asiyeweza kujibu hilo waziwazi, mimi nisingemkabidhi mtoto.

Kuna watoto wasiopenda kupigana hata kidogo, na mara nyingi wazazi huwaondoa mapema bila sababu. Michezo yote miwili ina mfululizo wa mbinu unaofanywa peke yako, bila mpinzani: kata kwenye karate, pumse kwenye taekwondo. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, kata ilikuwa na medali zake. Mtoto mpole anaweza kufika mbali sana kwa njia hiyo. (Kwa mwenye ndoto ya Olimpiki: taekwondo imekuwa na medali kamili tangu Sydney mwaka 2000, ilhali karate haikuwemo Paris mwaka 2024.)

Upande wa mwili, kumbuka kwamba mifupa ya mtoto bado ina gegedu za ukuaji karibu na viungo, na gegedu hizo ni laini kuliko mfupa uliokomaa. Kwenye taekwondo, angalia mguu wa kusimamia: mtoto anapopiga teke la pembeni, kisigino chake hakina budi kuzunguka. Kikibaki palepale, goti ndilo linalopindwa, mara mia kwa jioni moja. Usikubali mtu mzima amkandamize mtoto mabega ili apasue msamba. Kwenye karate, ngumi za hewani zisimalizike kwa kiwiko kunyooshwa hadi mwisho na kukazwa kwa kishindo. Kuvunja mbao na kupiga pushapu kwa vifundo vya ngumi kwenye sakafu ngumu si mazoezi ya watoto katika mchezo wowote kati ya hii. Vivyo hivyo kumnyima mtoto chakula au maji ili aingie kundi la uzito mdogo: kocha anayelishauri hilo aachwe siku hiyo hiyo.

Kuhusu kichwa, sheria zote mbili zinanisumbua, kwa sababu teke la kichwa hupewa pointi nyingi kuliko teke la mwili. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kiliandika mwaka 2016 kuhusu hatari hiyo, na kikaeleza kwamba kofia laini za kinga hazijathibitika kuzuia mtikisiko wa ubongo. Baadhi ya mashirikisho huwazuia watoto wadogo kupiga kichwa. Tafuta klabu inayofuata utaratibu huo hata mazoezini, na isiyomwingiza mtoto kwenye mapigano kabla hajaweza kusimamisha pigo lake mwenyewe.

Kabla ya kulipa ada, uliza swali moja zaidi: mtoto akipigwa kichwani hapa, mnafanya nini? Jibu sahihi ni kwamba anaketi nje papo hapo na harudi uwanjani siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Mzazi anaarifiwa, na mtoto anaonwa na daktari kabla ya kuanza tena mapigano. Akitapika, akichanganyikiwa, akisinzia isivyo kawaida au maumivu ya kichwa yakizidi, apelekwe hospitali bila kungoja mazoezi yaishe.