Chaja tunaichomoa, sufuria tunaiacha wazi: dhana potofu za kubana matumizi nyumbani

Katika nyumba nyingi, anayeacha chaja kwenye soketi bila simu husemwa mpaka akome. Wakati huohuo jikoni sufuria inachemka bila kifuniko, na hakuna anayeitazama mara mbili. Ushauri mwingi wa kubana matumizi unanisumbua kwa sababu hiyo. Unatuchosha kwa vitu vinavyoonekana, huku pesa ya nyumba ikipotelea kwenye joto, maji na chakula kinachooza.

Dhana: Chaja isiyo na simu inakula umeme

Inakula, ila kidogo mno. Chaja ya siku hizi isiyochaji kitu hutumia sehemu ndogo ya wati moja. Tuikadirie juu kabisa, tuseme robo wati. Iache kwenye soketi mwaka mzima, yaani saa 8,760, na itakuwa imetumia uniti 2.2 hivi. Birika la umeme la wati 2,000 linamaliza kiasi hicho kwa saa moja na dakika sita.

Ndiyo, haba na haba hujaza kibaba, lakini haba nazo hazilingani. Ukitaka kujua umeme unakwenda wapi, tafuta vifaa vinavyozalisha joto: birika, pasi, hita ya maji ya kuoga, jiko la umeme, oveni. Kuchemsha lita moja na nusu ili upate kikombe kimoja cha robo lita ni kulipia vikombe vitano ambavyo hutavinywa. Pima maji kwa kikombe kabla ya kuyamimina kwenye birika. Ni kazi ya sekunde tano.

Chaja chomoa kama unataka, hasa ikiwa imechakaa au inapata moto, maana hapo suala ni usalama. Ila usijihesabie kuwa umeshabana matumizi.

Dhana: Moto mkali ndio unaoivisha haraka

Ni kweli mpaka maji yaanze kuchemka. Baada ya hapo, kwenye usawa wa bahari maji yanabaki nyuzi joto 100 za Selsiasi, uwe umefungua gesi yote au umeipunguza. Moto wa ziada unatengeneza mvuke tu, na mvuke huo umeulipia. Chakula kikishachemka, funika na punguza moto mpaka uone maji yanatokota polepole. Ukiona ndimi za moto zinapanda pembeni mwa sufuria, jua unapasha hewa.

Kunde na maharage makavu ukiyaloweka usiku kucha yanaiva kwa muda mfupi zaidi. Ila maharage mekundu yana sumu ya asili inayotaka kuuliwa kwa moto. Mwaga maji ya kulowekea, chemsha maharage kwa nguvu si chini ya dakika 10, ndipo upunguze moto. Hapo usibane gesi hata kidogo.

Dhana: Kuzima friji usiku kunaokoa umeme

Kompresa ya friji haifanyi kazi mfululizo. Inawaka, inapoza, inazima, kisha inasubiri. Ukichomoa friji usiku, joto linaendelea kuingia taratibu, na asubuhi kompresa inalazimika kulitoa karibu lote. Unachookoa ni kidogo sana, na unaweza kukilipa mara kumi kwa nyama iliyoharibika au tumbo linalouma. Bakteria huzaana haraka chakula kikiwa kati ya nyuzi 5 na 60. Friji inatakiwa ikae kwenye nyuzi 4 au chini kidogo, na friza kwenye 18 chini ya sifuri.

Ukitaka kuokoa umeme wa friji, anza na mpira wa mlango. Weka karatasi katikati, funga mlango, kisha vuta. Ikichomoka bila kukwama hata kidogo, baridi inatoka hapo mchana na usiku. Safisha mpira huo, na ukiwa umelegea ubadilishe. Isogeze friji mbali na jiko, na iachie nafasi nyuma ipate kupumua.

Kuna dhana nyingine inayotembea pamoja na hii, kwamba kiporo lazima kipoe kabisa juu ya meza ndipo kiingie ndani. Matokeo yake sufuria zima linakaa nje mpaka usiku wa manane. Kigawe kwenye vyombo vifupi na vipana ili kipoe haraka, na kiingie ndani ya saa mbili tangu kilipopikwa.

Wala si kila kitu ni cha friji. Mkate hukauka na kuwa mgumu upesi zaidi kwenye friji kuliko kabatini. Kama hutaumaliza, ukate vipande uuweke friza. Viazi wanga wake hugeuka sukari kwenye baridi. Ndizi mbivu na tufaha hutoa gesi inayoivisha matunda na mboga zilizo karibu, kwa hiyo zitenge.

Dhana: Tarehe ikishapita, chakula ni cha pipa

Hapa ndipo roho inaniuma zaidi. Mwaka 2024 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa ripoti yake kuhusu upotevu wa chakula. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Kwa majumbani pekee ni wastani wa kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka. Hicho ni chakula kilichonunuliwa, kikabebwa, mara nyingi hata kikapikwa, kisha kikatupwa.

Sehemu ya tatizo ni kusoma tarehe vibaya. Ziko za aina mbili. “Mwisho wa kutumia” ni onyo la usalama, nalo huwekwa kwenye vitu vinavyoharibika upesi kama nyama mbichi na samaki. Hilo liheshimu hata kama harufu ni nzuri, kwa sababu bakteria wengi wanaodhuru hawanuki. “Ni bora kitumike kabla ya” inazungumzia ladha na ubora. Mchele, tambi, biskuti au chakula cha kopo vikipita tarehe hiyo kidogo, na vimehifadhiwa vizuri, kwa kawaida bado vinalika. Fungua, tazama, nusa, onja. Kopo lililovimba au linalovuja tupa bila kulionja.

Kuna zoezi nililolifanya na ambalo nalipendekeza kwa kila nyumba. Kwa wiki moja tenga ndoo ndogo yenye kifuniko kwa ajili ya chakula kinachotupwa tu, na kila unapotupa andika nini na kwa nini. Mimi nilidhani nitakuta maganda. Nilikuta mboga za majani zilizonyauka na viporo vilivyosahaulika nyuma ya friji. Tangu hapo viporo vinakaa mbele, kwenye chombo kinachoonyesha kilichomo, na mboga zinanunuliwa za siku tatu. Maganda yanafaa kwa mboji. Yakifukiwa jalani yanaoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayochangia ongezeko la joto duniani.

Dhana: Kununua kwa wingi ni nafuu siku zote

Ni nafuu kama utakitumia chote. Tuseme umepewa punguzo la asilimia 20, kisha robo ya mzigo ikaoza. Kile ulichokula kimekugharimu karibu asilimia 7 zaidi ya bei ya kawaida. Sabuni na mchele nunua kwa wingi. Nyanya, hapana.

Dhana: Bomba linalodondosha ni jambo dogo

Weka kikombe cha robo lita chini yake uangalie saa. Kikijaa kwa dakika 10, hizo ni lita 36 kwa siku, zaidi ya lita 13,000 kwa mwaka. Mara nyingi kinachotakiwa ni washa tu, kipete kidogo cha mpira. Tangi la choo ni baya zaidi kwa sababu linavuja bila sauti. Tia rangi ya chakula ndani ya tangi na usivute maji kwa dakika 10 au zaidi. Rangi ikionekana kwenye bakuli, umeshajua.

Dhana: Siki ukichanganya na bekingi soda unapata sabuni kali ya bure

Povu linavutia, lakini ni gesi ya kabonidioksaidi inayotoka wakati asidi na alkali zinauana nguvu. Kinachobaki ni maji yenye chumvi hafifu. Kila kimoja peke yake ni kizuri: siki kwa ukoko wa chokaa kwenye birika, bekingi soda kwa kusugua sufuria.

Kubana matumizi kusikufikishe kwenye kuchanganya dawa. Klorini ya kufulia ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na amonia, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kusafishia, hutoa gesi nyingine ya sumu. Choo kidogo kisicho na dirisha ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kujaribia. Tafadhali, kwenye hili usibahatishe.

Dhana: Mfuko wa kitambaa ni rafiki wa mazingira kuanzia siku ya kwanza

Pamba hutaka maji, ardhi na nishati. Utafiti uliotolewa mwaka 2011 na Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulikadiria kuwa mfuko wa pamba hutakiwa kutumika mara 131 ili athari yake kwa tabianchi iwe chini ya ile ya mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Mara 131 zinawezekana kabisa, kwenda sokoni mara mbili kwa wiki kwa muda wa miezi 15 hivi, mradi uwe ni mfuko uleule. Kama tayari una mitano imening'inia nyuma ya mlango, huna haja ya wa sita.