Daraja la sarafu ya shaba: 20 si alama za mtihani

Daraja la sarafu ni namba, kuanzia 1 hadi 70, inayoeleza sarafu imelika kiasi gani tangu ilipopigwa chapa. Lakini kila zinapotajwa sarafu za shaba za kale za Marekani, zile za majimbo ya leo ya Connecticut, New Jersey, Vermont na Massachusetts zilizotolewa kati ya 1785 na 1788, hakosekani mtu wa kuona 20 akasema: "Ishirini kwa sabini? Hiyo imefeli."

Haijafeli. 70 haikuwahi kuwa jumla ya alama. Namba hizi alizitunga William Sheldon, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekusanya senti kubwa za shaba, akazitangaza kwenye kitabu chake cha 1949. (Ndiye yule yule aliyepanga hata maumbo ya miili ya watu kwa namba, 1 hadi 7. Alipenda namba, bwana.) Alichokuwa akitafuta ni bei. Sarafu iliyolika mpaka inatambulika kwa shida aliipa 1, na hiyo ndiyo iliyokuwa na bei ya msingi. Kama bei ya msingi ni dola 2, sarafu ya aina hiyo hiyo yenye daraja 12 ni dola 24, na ya 70 ni dola 140. Yaani ilikuwa namba ya kuzidishia. Hesabu hiyo haikudumu, maana bei za sarafu safi zilipaa zikaziacha mbali zilizolika, ila namba zenyewe zikabaki zikitumika. Ndiyo maana zinaruka: 12, 15, 20, 25, 30. Na ndiyo maana sarafu ya daraja 4 wakusanyaji huiita "nzuri". Mtihani gani wa alama 4 kwa 70 ukasifiwa hivyo?

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linalowapunja wauzaji. Sheldon alizipangia senti za serikali kuu za 1793 hadi 1814. Shaba za majimbo ziliazimwa tu kipimo hicho. Hizi nyingi zilipigwa na watu binafsi waliopewa kibali, kwenye visahani vya shaba (vile vipande bapa ambavyo bado havijapigwa chapa) vyenye nyufa, vingine vidogo kuliko muhuri wenyewe. Chukua ya Connecticut: upande mmoja kichwa na maneno AUCTORI CONNEC, upande wa pili mwanamke aliyeketi, na mwaka chini yake. Mara nyingi mwaka umekatika nusu au haupo kabisa. Mgeni husema umelika. Huenda haukuwahi kutokea, kwa kuwa kisahani kiliishia hapo.

Ukitaka kujua, iinamishe kwenye mwanga. Kulika husawazisha: sehemu zilizoinuka hulala zote pamoja na kuwa laini. Chapa hafifu huacha kifua cha yule mwanamke kikiwa bapa huku herufi za pembeni bado zina makali, na juu ya ule ubapa utaona mikwaruzo na vishimo vya kisahani kabla hakijapigwa. Sarafu iliyopita mikononi mwa watu wengi kwa kawaida haibaki na vishimo hivyo.

Kutu nayo haimo kwenye namba ya kulika, ndiyo maana wakusanyaji wengi wa shaba hizi hutaja namba mbili: kwa kulika tu ni 30, lakini kwa kutu na nyufa inahesabiwa 15. Anayelipa huangalia hiyo ya pili.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiambiwa sarafu ni 20, usiulize kati ya ngapi. Uliza ni 20 kabla au baada ya kupunguziwa namba kwa ajili ya kutu, na kama mwaka wake ulifutika au haukuchapwa.