Homa Baada ya Chanjo ya Malaria: Tusikimbilie Kutaja Chanzo

Tangu chanjo ya malaria aina ya R21 ilipozinduliwa wilayani Apac, nchini Uganda, tarehe 2 Aprili 2025, sisi tunaofuatilia usalama wa chanjo tumekuwa tukiletewa malalamiko ya wazazi kwamba mtoto alichomwa sindano, kisha akaugua malaria, na kwa hiyo sindano ndiyo iliyomletea.

Chanjo hii haina kimelea hai, bali ina protini iliyotengenezwa maabara kwa mfano wa sehemu ya kimelea, nayo haiwezi kuzaa malaria. Aidha, tangu mbu aume hadi homa ipande hupita kwa kawaida siku 7 hadi 14. Mtoto aliyechanjwa Jumatatu akapimwa Alhamisi na kukutwa na malaria aliumwa na mbu kabla hajafikishwa kituoni. Hesabu hii ni nyepesi, na inasikitisha kwamba tunalazimika kuirudia kila mara.

Hata hivyo, hatusemi kwamba kila kinachofuata chanjo ni sadfa. Homa ya siku chache huletwa kweli na R21, na mara chache huandamana na degedege. Tumelijua hilo kwa kulinganisha. Katika utafiti wa watoto wapatao 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, bahati nasibu ndiyo iliyoamua nani apate R21 na nani apate chanjo ya kichaa cha mbwa, bila wazazi kujua. Homa ya siku za mwanzo ilizidi upande wa R21, ilhali malaria yenyewe ilipungua upande huohuo, kwa asilimia 68 hadi 75 katika mwaka wa kwanza. Pasipo kundi la pili, mambo hayo mawili yasingetenganishika, hasa kwa kuwa dozi za miezi 6, 7 na 8 huangukia umri ambao kinga aliyoirithi mtoto kwa mama inafifia na maradhi mengi yanaanza kujitokeza.

Kwa sababu hiyo tunawaomba wazazi walete taarifa, wala wasingoje kuwa na hakika. Mtoto akipatwa na degedege, akivimba uso au akilegea, apelekwe kituo cha afya mara moja pamoja na kadi yake ya chanjo. Mhudumu ataandika tarehe na saa ya sindano, namba ya bechi (yaani fungu la chupa zilizotengenezwa pamoja), chanjo nyingine za siku hiyo na dawa alizokwishapewa nyumbani, zikiwemo za kienyeji, ambazo wazazi wengi huzificha bila sababu. Kisha hufuatiliwa watoto wengine waliochanjwa kwa bechi ileile, na jinsi chupa zilivyohifadhiwa. Bechi ikitiliwa shaka, matumizi yake husimamishwa wakati uchunguzi ukiendelea. Mwishowe wataalamu huamua kama tukio limetokana na chanjo yenyewe, ubora wake, kosa la mchomaji, hofu ya sindano, au ugonjwa mwingine uliokutana nayo. Ushahidi usipojitosheleza, huandikwa hivyo, na tukio hufunguliwa upya taarifa nyingine zikipatikana.