Je, wajua kwa nini duka linaweza kunufaika kwa kukatazwa kutoa mifuko ya bure?

Jibu fupi ni kwamba mfuko ule haukuwa bure. Duka ndilo lililoununua.

Serikali ikitangaza sera ya mazingira, mazungumzo hugawanyika upesi: mazingira yatapona, biashara zitaumia. Anayetaka kuipoza habari huongeza kwamba kampuni zitapewa ruzuku au msamaha wa kodi. Faida ya biashara inaonekana kama kifuta jasho tu, fedha ya Hazina inayotolewa ili kampuni zivumilie. Ruzuku na misamaha ipo kweli, na mhasibu makini ataifuatilia. Lakini dhana hii inaficha jambo la kushangaza zaidi: zipo sera zisizotoa hata senti moja kwa kampuni, na bado katazo lenyewe linaiongezea kampuni faida.

Kosa linatokana na kuwatia wafanyabiashara wote kapu moja. Februari 2017 Kenya ilitangaza kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ingepigwa marufuku kuanzia tarehe 28 Agosti mwaka huo. Chama cha wenye viwanda kilionya kwamba viwanda 176 vingefungwa na ajira zaidi ya 60,000 kupotea. Kwa waliotengeneza mifuko, hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kwao marufuku ilikuwa hasara, na hakuna hoja ya kiuchumi inayoifuta. Ila supamaketi hazikuuza mifuko, zilikuwa zikiinunua. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba supamaketi pekee ziligawa mifuko milioni 100 kwa mwaka nchini Kenya. Kila mmoja ulikuwa gharama ndogo iliyoingia vitabuni bila kurudi kama mauzo.

Basi kwa nini hazikuacha zenyewe? Hapa ndipo penye utamu wa jambo lote.

Mchukulie muuza nyanya anayeweka nyongeza juu ya kila fungu. Jirani yake ndiye aliyeanza, naye akafuata ili wateja wasihame. Baada ya muda meza zote zinatoa nyongeza, wateja wamegawanyika vilevile kama mwanzo, na kila muuzaji anapoteza nyanya mbili kwa kila fungu. Wote wangependa kuacha, lakini atakayeacha peke yake atabaki na tenga lake hadi jioni. Wakikubaliana wenyewe kwa wenyewe, makubaliano yatadumu mpaka siku ambayo mmoja wao ana nyanya zinazokaribia kuoza. Sasa uongozi wa soko ukitangaza kwamba kuanzia Jumatatu nyongeza hakuna, na ukapita meza kwa meza kukagua, kila muuzaji anabaki na nyanya zake mbili. Hakuna anayepoteza mteja, kwa kuwa mteja hana meza nyingine ya kuhamia.

Mfuko wa bure ulikuwa nyongeza ya namna hiyo. Ushahidi mzuri unatoka Ayalandi, ambako Machi 2002 serikali iliweka tozo ya senti 15 za yuro kwa kila mfuko, ilipwe na mteja. Matumizi yalishuka kutoka mifuko takriban 328 kwa mtu kwa mwaka hadi 21. Watafiti walipowauliza wenye maduka, walieleza kwamba tozo haikuwaumiza au iliwanufaisha. Kazi ya kuikusanya ilikuwepo, lakini ilifidiwa na fedha walizoacha kutumia kununulia mifuko.

Ushahidi huo ni wa maduka yenye kaunta na vitabu vya hesabu. Usihamishiwe moja kwa moja kwa mama wa genge. Pia nafuu ya duka ilitoka kwa sehemu mfukoni mwa mteja, ambaye sasa hununua mfuko au huja na kikapu chake.

Katazo lisiposimamiwa, mambo hugeuka. Kenya ilikuwa imejaribu 2007 kwa kukataza mifuko myembamba kuliko mikroni 30 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), kisha 2011 ikapandisha kiwango hadi mikroni 60, na mifuko ikaendelea kuzagaa. Katika hali hiyo anayeumia ni mtii: amelipia mfuko mnene huku mshindani wake akigawa mwembamba. Ndiyo maana adhabu za 2017, faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo, zilikuwa na maana hata kwa maduka ambayo hayakuwahi kushtakiwa. Ziliyahakikishia kwamba jirani naye ameacha.

Tanzania ilifuata tarehe 1 Juni 2019. Rambo, yaani mifuko ya plastiki, zilipoondoka, Shirika la Viwango likataka mifuko mbadala ya kitambaa kisichofumwa iwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba. Fundi anayefuata kipimo hicho hutumia malighafi nyingi kuliko anayechakachua, kwa hiyo mkaguzi anayekamata mifuko hafifu sokoni analinda pia biashara ya fundi huyo.

Kwa chupa za plastiki, Kenya ilianza kwa hiari. Mwaka 2018 kampuni za vinywaji na washirika wao waliunda shirika la PETCO, ambapo wanachama huchangia gharama za kukusanya na kurejeleza chupa. Waliochanga walikuwa wakilipia hata chupa za washindani wasiochanga, maana mwokota chupa hachagui nembo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, na kanuni zake za 2024, ziliufanya wajibu huo kuwa wa kila mzalishaji na kila mwagizaji. Kampuni zilizokuwa zimechanga tangu mwanzo ziliikuta sheria zikiwa tayari na mfumo unaofanya kazi, na gharama waliyokuwa wakiibeba peke yao ikawa sasa ni deni la washindani wao pia.