Soroveya na ploti ya hamsini kwa mia: tunayoambiana na yaliyo kweli

Ukitaka kununua ploti Kenya, kila mtu atakuambia ufanye sachi, yaani uangalie nambari ya ploti kwenye sajili ya ardhi, kuanzia shemeji yako hadi kijana wa bodaboda aliyekupeleka kuiona. Ni ushauri mzuri. Shida ni kwamba wengi wakishaifanya hawamwiti soroveya, yaani mpima ardhi, au wanamwita ugomvi ukishazuka, na nyingi ya sababu wanazotoa hazina msingi.

"Sachi ikitoka safi, ploti iko salama"

Sachi hukuambia nambari fulani ni ya nani, ina ukubwa gani, na kama kuna mkopo au zuio juu yake. Haikuambii nambari hiyo iko wapi ardhini. Wakora wanalijua pengo hilo vizuri sana. Watakupeleka kwenye ploti tambarare kando ya lami, stima imefika mlangoni, kisha wakuuzie hati ya ploti nyingine iliyo kule bondeni kunakotuama maji. Hati ni halisi, muuzaji ndiye mwenyewe, na wakili wako ameridhika. Utajua siku fundi anapochimba msingi, mwenye ploti atakapokuja kukuuliza unafanya nini kwake.

Mtu wa kuunganisha nambari na udongo ni soroveya. Huchukua ramani ya sajili, ile inayoitwa RIM, au ramani ya upimaji kama eneo lilipimwa kwa bikoni, zile alama za kudumu zinazowekwa ardhini kwenye kona. Akifika uwanjani huanza na vitu ambavyo havijasogea, kama njia panda, bikoni kuukuu, au kona za majirani zisizo na mzozo, na kutoka hapo hupima hadi kwako. Kazi hiyo inafaa ifanywe kabla hujalipa hata shilingi ya kuishikilia ploti. Ukishalipa, ripoti yake itakusaidia mahakamani tu.

"Hati yangu inaonyesha mpaka kamili"

Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinasema kwamba ramani ya sajili huonyesha mpaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale ambapo sajili yenyewe imeandika kuwa mpaka umethibitishwa rasmi.

Chanzo chake ni historia. Baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, vipande vya mashamba ya Mkoa wa Kati viliunganishwa na kusajiliwa upesi upesi, na ramani zikachorwa kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Wakulima walitakiwa wapande ua mipakani ili uonekane kutoka juu. Kwa hiyo kilichochorwa ni ua, na ua una upana, hukua, hukatwa, hung'olewa na kupandwa upya. Chukua ramani ya kipimo cha 1:2,500: milimita moja kwenye karatasi ni mita mbili na nusu shambani. Mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita unameza zaidi ya mita nzima.

Mombasa na sehemu nyingi za Pwani zilizosajiliwa chini ya sheria ya hati ya 1908 mambo ni tofauti. Huko ploti zilipimwa kwa bikoni, na ramani ya hati ina urefu wa kila upande pamoja na pembe zake. Soroveya anaweza kuirudisha kona iliyopotea kwa usahihi wa sentimita. Basi swali la kwanza la kumuuliza ni hili: eneo hili ni la mpaka wa kukadiria au wa bikoni? Akikuapia sentimita kwenye shamba la RIM ambalo mpaka wake haujawahi kuthibitishwa, mimi ningetafuta mwingine.

"Hamsini kwa mia ni thumuni ya ekari"

Piga hesabu mwenyewe. Futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, yaani mita za mraba 465 hivi. Thumuni ya ekari, yaani sehemu moja ya nane, ni futi za mraba 5,445, karibu mita za mraba 506. Tofauti ni mita za mraba 41, na mtu anaweza kujenga sebule na jiko hapo. Wauzaji hulitumia jina moja kwa vitu viwili bila haya. Soma hektari zilizoandikwa kwenye hati, kisha umwombe soroveya akuandikie urefu wa kila upande.

"Simu yangu ina GPS"

Simu, hata mahali pa wazi, hukosea kwa mita tatu hadi tano. Ploti ya futi 50 ina upana wa mita 15. Tena, ramani za zamani hazitumii mfumo wa simu yako wa kuandika mahali kwa nambari: nyingine ziko kwenye mfumo wa Cassini, nyingine kwenye ule wa Arc 1960. Ukizichukua nambari za Arc 1960 ukaziingiza kwenye simu bila kuzigeuza, unaweza kujikuta mamia ya mita kutoka kwenye ploti yako, labda kwenye uwanja wa kanisa.

"Vigingi vipo, kwa hiyo imegawanywa"

Kigingi cha mbao ni kijiti tu. Mgawanyo halali huhitaji idhini ya kaunti, kibali cha bodi ya ardhi kama shamba ni la kilimo, fomu ya mgawanyo iliyotiwa saini na soroveya mwenye leseni, kisha RIM irekebishwe na nambari mpya zitolewe. Vijana wenye mashine wanaweza kupima chini ya usimamizi wake, lakini saini ni yake. Uliza jina lake, kisha hakikisha kwamba ana leseni ya bodi ya masoroveya.

"Soroveya akisema, mambo yamekwisha"

Hapana. Soroveya uliyemlipa wewe huleta ushahidi tu. Mzozo wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa huanza kwa msajili wa ardhi, na kifungu hicho hicho cha 18 kinaikataza mahakama kuusikiliza kabla mpaka haujaamuliwa huko. Ukitaka uthibitishwe rasmi, ni msajili pia, na majirani lazima wapewe notisi. Waite hata siku ya upimaji wa kawaida. Jirani aliyeshika ncha ya utepe hana mengi ya kubisha mwaka ujao.

"Ua ulioingia kwangu nitautoa wakati wowote"

Usiwe na uhakika huo. Anayekalia ardhi ya mwenzake waziwazi, bila ruhusa na bila kukatizwa, kwa miaka 12 anaweza kwenda mahakamani kudai iwe yake chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashtaka. Ripoti ya soroveya ikionyesha kuwa jirani ameingia mita mbili, muulize ua huo umekuwepo tangu lini, kisha uende kwa wakili wiki hiyo hiyo.

Na ukishaonyeshwa bikoni zako, zipige picha moja moja. Lori la mchanga likirudi nyuma vibaya laweza kung'oa moja, kwa hiyo mwite soroveya tena siku fundi anapovuta kamba za msingi, kabla koleo halijagusa ardhi.