Metadata ya picha: maana yake, mahali inapokaa na aliyeiandika

Metadata ni taarifa zinazoeleza taarifa nyingine. Katika picha ya dijitali, taarifa kuu ni rangi za pikseli, yaani vitone vidogo vidogo, zinazounda sura tunayoiona kwenye kioo, na metadata ni maelezo yanayofuatana nazo: picha ilipigwa lini, kwa kamera gani, lenzi ilikuwa ya urefu gani, shata ilikaa wazi kwa muda gani, mashine ilishikwa wima au kwa ubavu, na mara nyingi, kwa picha za simu, ilipigwa mahali gani. Anayeitazama picha haoni hata neno moja la maelezo hayo, ingawa yamo ndani ya faili lile lile, yakiwa yametangulia mbele ya rangi zenyewe.

Mimi nilikuja kuielewa dhana hii vizuri siku nilipopoteza picha. Nilichomoa diski ya nje wakati kompyuta ilikuwa bado inaiandikia, na nilipoichomeka tena kesho yake nikaambiwa kwamba diski haisomeki na ninatakiwa niifomati. Sikukubali. Nilitumia PhotoRec, programu huria iliyoandikwa na Christophe Grenier, ambayo haiiulizi diski orodha ya mafaili yake, bali hupita sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo baada ya kipande, ikitafuta alama za mwanzo wa faili. Picha ya JPEG, aina ya faili la picha iliyo ya kawaida zaidi, huanza kwa baiti mbili ambazo kwa heksadesimali, yaani namba za msingi wa 16, huandikwa FF D8, na programu inapozikuta hujua kwamba hapa huenda pana picha. Maelfu ya picha za familia yangu yalirudi, lakini kila moja ilirudi na jina la namna ya f1204480.jpg, na mafolda niliyoyapanga kwa miaka, la Idi hii na la safari ile, hayakuwepo tena.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya kwanza ambayo ningependa kila mwenye kuhifadhi picha aifahamu. Jina la faili, folda lililomo, na tarehe inayoonyeshwa pembeni mwa jina ni mali ya daftari la diski, yaani ile orodha ya mafaili yake. Daftari likiharibika, vyote hupotea, na hata bila kuharibika, kunakili faili tu kutoka kadi hadi kompyuta kunaweza kuibadilisha tarehe hiyo. Lakini tarehe ya kupigwa picha na aina ya kamera vilikuwa ndani ya picha zenyewe, navyo viliokolewa pamoja nazo. Kwa programu nyingine ya bure, ExifTool ya Phil Harvey, niliiamuru kompyuta isome tarehe iliyomo ndani ya kila picha na kuifanya kuwa jina lake, na kabla ya alfajiri picha zote zilikuwa zimejipanga tena kwa mwaka, mwezi na saa.

Utaratibu wa kuandika maelezo hayo ndani ya picha huitwa Exif. Ulitungwa Japani mwaka 1995 na chama cha viwanda vya elektroniki cha nchi hiyo, wakati kamera za dijitali zilikuwa bado changa, na kwa sababu watengenezaji karibu wote waliufuata, maelezo ya picha ya karibu kamera yoyote husomeka kwa programu nyingi. Katika JPEG, Exif hukaa kwenye kipande kinachoanza kwa baiti FF E1, baada tu ya zile mbili za mwanzo. Urefu wa kipande hicho huandikwa kwa baiti mbili pekee, ndiyo maana hakiwezi kuzidi baiti 65,535. Ndani yake huja neno Exif, kisha herufi II au MM, ambazo humweleza msomaji kama tarakimu zinasomwa kwa mpangilio wa vichakataji vya kampuni ya Intel au vya Motorola, kisha orodha ya maingizo, kila ingizo likiwa na baiti 12: namba ya lebo, aina ya thamani, idadi yake, na thamani yenyewe au mahali pa kuipata. Lebo ya 36867 ndiyo yenye tarehe ya kupigwa picha, nayo huandikwa kwa nukta pacha hata kati ya mwaka na mwezi, kwa mfano 2019:08:17 16:20:05. Yeyote atakayeifungua picha kwa programu ya kuandikia maandishi ya kawaida ataona matakataka mengi, na katikati yake ataiona tarehe hiyo ikisomeka wazi kabisa.

Lebo nyingine, ya 274, inajibu swali ambalo nimeulizwa mara nyingi na watu wanaopeleka picha kuchapishwa kwenye duka la steshenari, wakakuta walio wima kwenye simu wamelala ubavu kwenye karatasi. Kitambuzi cha mwanga cha kamera hakigeuki. Husoma safu zake kwa namna ile ile hata ukiishika simu vipi. Simu huandika tu namba kati ya 1 na 8, na 6, kwa mfano, ina maana kwamba anayeionyesha picha aizungushe nyuzi 90 kuelekea kulia. Programu isiyoisoma lebo hiyo huionyesha picha kama ilivyotoka kwenye kitambuzi. Picha haina kosa, na simu haina kosa.

Mbali na Exif kuna taratibu nyingine mbili. IPTC ilitokana na baraza la mashirika ya habari lililoundwa mwaka 1965, nayo inahusu yale anayoyaandika mtu: maelezo ya picha, jina la mpiga picha, haki zake. XMP ilitolewa na Adobe mwaka 2001 na tangu 2012 ni kiwango cha kimataifa, ISO 16684. Inaweza kubeba karibu kila kitu, na inaweza kukaa hata katika faili dogo kando ya picha. Faili moja linaweza kuwa na zote tatu, nazo zinaweza kupingana.

Kupingana huko ndiko kunakonileta kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha dhana hii. Metadata ni maneno ya shahidi, na shahidi huyo ni mashine inayojua yale tu iliyoambiwa au iliyoyapima yenyewe. Urefu wa lenzi na muda wa shata imeupima. Saa imeambiwa na mtu.

Katika harusi moja ya ukoo wetu tulipiga picha kwa kamera mbili, yangu na ya binamu yangu. Nilipozikusanya picha katika folda moja na kuzipanga kwa saa, karamu ya saa tatu na nusu usiku ilitangulia mbele ya ndoa iliyofungwa baada ya swala ya alasiri: kamera yangu iliiandika ndoa saa 16:20, na kamera ya binamu iliiandika karamu saa 15:30. Tofauti ilikuwa saa sita kamili katika kila picha. Dhana yangu ya kwanza ilikuwa kwamba kamera yake, iliyonunuliwa ikiwa imetumika, ilibaki na saa za Japani, kwa kuwa Japani iko mbele yetu kwa saa sita hizo hizo. Lakini ingekuwa hivyo, karamu ingeandikwa 03:30 ya siku inayofuata, si mapema zaidi. Nilipomuuliza alinieleza kwamba aliirekebisha kamera asubuhi ya harusi, ikiwa saa mbili, naye akaandika 02:00, kama mtu yeyote anayehesabu saa zake kuanzia mapambazuko angeandika. Inafaa kuzingatia kwamba kwenye saa ya mzunguko wa saa 12 makosa haya mawili yangeonekana sawa, 2:00 na 2:00, na kilichoyatenganisha ni kujua kama kamera ilikuwa nyuma au mbele. Nilithibitisha kwa picha moja iliyoonyesha saa ya ukutani, kisha nikaziongezea picha za kamera yake peke yake saa sita, kwa amri -AllDates+=6 ya ExifTool, na harusi ikarudi katika mpangilio wake.

Kinachoongeza ugumu ni kwamba kwa zaidi ya miaka 20 Exif haikuwa na mahali pa kuandika kwamba saa hii ni ya Dar es Salaam au ni ya Tokyo. Lebo za kutaja tofauti na saa ya dunia ziliongezwa katika toleo la 2.31, mwaka 2016, na picha zote za kabla ya hapo hutoa saa isiyosema ni ya wapi.

Saa inaweza kupotea pia kwa sababu ya kifaa chenyewe. Ndani ya kamera nyingi mna betri ndogo inayoitunza saa wakati betri kubwa imetolewa, na kamera ikikaa kabatini kwa miezi betri hiyo huisha, na kalenda hurudi siku ya kwanza ya mwaka uliowekwa kiwandani. Ninapoona picha ya tarehe 1 Januari saa sita usiku, ninauliza kwanza habari za betri. Kompyuta ya mezani nayo ina betri ya CR2032 kwenye mazabodi kwa kazi hiyo hiyo, ila ikiisha, huziharibu tarehe za mafaili na kuziacha za Exif kama zilivyokuwa.

Mahali nako kunahitaji msomaji makini. Exif huandika latitudo kama nyuzi, dakika na sekunde bila alama ya kutoa, na lebo nyingine kabisa ndiyo inayobeba herufi ya kaskazini au kusini. Dar es Salaam iko nyuzi 6 na dakika 48 kusini mwa Ikweta. Programu inayosahau herufi hiyo huipeleka picha iliyopigwa Kariakoo hadi nyanda za juu za kusini mwa Ethiopia. Na pale mahali palipoandikwa sawasawa, huweza kumfichua mtu. Desemba 2012 John McAfee, aliyeanzisha kampuni maarufu ya programu za kukinga virusi, alikuwa mafichoni baada ya polisi wa Belize kutaka kumhoji, na jarida la Vice likachapisha picha yake iliyopigwa kwa simu, mahali pakiwa pameachwa ndani yake: Guatemala. Kwanza alidai kwamba aliibadilisha metadata hiyo kwa makusudi, kisha akakiri kwamba ni kweli alikuwa huko. Dai lake la kwanza lilikuwa la uongo, lakini lingewezekana, kwa kuwa amri ile ile iliyorekebisha harusi yetu inaweza kutumiwa kupotosha.

WhatsApp huondoa Exif picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, jambo linalolinda faragha na wakati huo huo kufuta kumbukumbu. Jina kama IMG-20240310-WA0012 hutaja siku ambayo simu iliishughulikia picha, ambayo yaweza kuwa miaka mingi baada ya kupigwa. Kwa hiyo ninapokusanya picha za ukoo huwaomba jamaa wazitume kama hati, kwani hati hufika na kila kitu chake.

Picha za zamani nilizozipitisha kwenye skana zilinipa kazi ya mwisho. Ile ya bibi yangu, iliyopigwa studio, ilisema kwamba ni ya 2021, kwa sababu hiyo ndiyo siku skana ilipoifanyia kazi. Exif ina lebo mbili tofauti kwa jambo hili: 36867 ni ya kupigwa kwa picha, na 36868 ni ya kugeuzwa kwake kuwa ya dijitali. Ya pili niliiacha kama ilivyo, maana skana ilisema kweli. Kwa ile ya kwanza nilimwendea bibi, akaniambia mwaka ni 1968 na mwezi haukumbuki. XMP hukubali mwaka peke yake, nikauandika humo bila kuubunia mwezi, na katika sehemu ya maelezo nikaongeza: «Mwaka ni kwa kauli ya mwenye picha.»