Jino moja mbele, matatu nyuma: sproketi za pikipiki ya lami na vumbi Nyanda za Juu Kusini

Ukipanda kutoka Chimala kwenda Matamba kwa ile njia ya kona 57, pikipiki yenyewe inakwambia kama sproketi zake, yale magurudumu ya meno yanayozungusha cheni, zinafaa. Gia ya pili inakufa kabla kona haijaisha. Unashusha ya kwanza, injini inapiga kelele, kona inafunguka, unarudisha ya pili, inakufa tena. Wengi wakifika hapo wanalaumu kabureta au pistoni, na fundi akikubali kazi, injini nzima inafunguliwa bure. Anza kuhesabu meno kabla ya kugusa injini.

Uwiano wa meno wa kiwandani umepangwa umfae mtu wa kila mahali, hasa wa lami na wa nchi tambarare. Huku kwetu mambo mawili yanauvuruga. La kwanza ni mlima wenyewe. La pili ni hewa: mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo unafika karibu 2,600. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo pikipiki ya cc 250 inayovuta vizuri Dar es Salaam inafika Kitulo ikiwa imepoteza karibu robo ya nguvu zake. Sproketi hairudishi nguvu hizo. Inachofanya ni kubadilisha mwendo kuwa mvuto: unapunguza spidi ya mwisho ambayo kwenye kona za Matamba huitumii kabisa, unapata msukumo unaouhitaji.

Hesabu yake ni fupi. Gawanya meno ya nyuma kwa meno ya mbele. Honda CRF250L hutoka na 14 mbele na 40 nyuma, yaani 2.86. Ukiweka 13 mbele unapata 3.08, ongezeko la karibu asilimia 8 ya mvuto kwenye kila gia. Kupata kiasi hichohicho kwa nyuma unahitaji 43, ambayo inakupa 3.07. Ndiyo maana tunasema jino moja la mbele ni sawa na matatu ya nyuma. Kawasaki KLR650 za kabla ya 2022 zilitoka na 15 na 43. Ukishuka hadi 14 mbele, uwiano unatoka 2.87 kwenda 3.07. Ukiona mtu anakushauri uweke 16 kwenye 650 ili itulie barabarani, muulize anaishi wapi. Kwa anayekwenda Morogoro kila wiki ushauri huo una maana. Kwa anayekwenda Makete hauna.

Gharama yake utaiona kwenye lami. Kama kwa spidi fulani injini ilikuwa inazunguka mara 6,000 kwa dakika, na 13 mbele itazunguka karibu mara 6,460 kwa spidi ileile. Kati ya Makambako na Igawa, barabara iliponyooka, utausikia mtetemo kwenye mikono na utaona mafuta yanaisha mapema kidogo. Kupanda Kitonga nyuma ya malori ndiko utakakofidiwa, maana pikipiki inashika upesi unapopata nafasi ya kupita.

Ushauri wangu ni kuanza na mbele, jino moja tu, na kuendesha hivyo kwa muda kabla ya kununua kitu kingine. Sproketi ya mbele ni ya bei ndogo na hubadilishwa kwa muda mfupi. Tena cheni haihitaji kuongezwa wala kukatwa. Lakini usivuke jino moja. Kila pingili ikiingia kwenye sproketi ya meno 15 inapinda nyuzi 24. Kwenye ya meno 13 inapinda karibu nyuzi 28. Kwenye ya 12 inafika nyuzi 30. Kadiri inavyopinda zaidi ndivyo pini na bushi zinavyolika. Isitoshe, sproketi ndogo inaishusha cheni karibu na swingamu, yaani ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, na ile plastiki ya kuzuia cheni isisugue chuma inakatika mapema. Kwa hiyo 250 yenye cheni ya 520 (namba ya saizi, naieleza chini) nisingeishusha chini ya 13, na 650 chini ya 14. Ukitaka mvuto zaidi ya hapo, ongeza nyuma.

Utajuaje umepitiliza? Angalia gia ya kwanza. Kama unaitumia kuondokea tu na baada ya mita chache inakulazimisha kubadili, hata ukiwa mlimani, umeshusha mno. Kinyume chake, kama kwenye kona kali unalazimika kushikilia klachi nusu ili injini isizime hata kwenye gia ya kwanza, bado unahitaji kushusha. Klachi inayonuka baada ya mlima mmoja mara nyingi ni dalili ya sproketi, wala si ya klachi mbovu.

Kununua

Nenda dukani, Mwanjelwa au popote, na sproketi ya zamani mkononi. Jina la pikipiki peke yake halitoshi, kwa sababu modeli moja huweza kubadilishwa habu (kitovu cha gurudumu) kutoka mwaka hadi mwaka. Kwa ya nyuma linganisha mambo matatu: kipenyo cha tundu la katikati, idadi ya matundu ya bolti, na umbali kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalolikabili. Tundu la katikati ndilo linaloiweka sproketi sawa kwenye habu. Likiwa kubwa hata kidogo, bolti zinabeba kazi isiyo yao na cheni itakuwa inakaza na kulegea kila mzunguko. Kwa ya mbele hesabu mikato ya ndani inayoshika shafti ya giaboksi, kisha angalia unene wa shingo yake.

Halafu namba ya cheni. Pikipiki ndogo nyingi hutumia 428, ambayo umbali wa pini hadi pini ni milimita 12.7. Za 250 na nyingi kubwa zaidi hutumia 520, yenye milimita 15.875. Suzuki DR650 hutumia 525: umbali wa pini ni uleule wa 520, ila ni pana zaidi. Hapo ndipo watu wanapouziwa kitu kisichofaa. Cheni ya 525 inakaa kwenye sproketi ya 520 lakini inacheza pembeni. Cheni ya 520 haiingii kabisa kwenye meno ya 525.

Kuhusu chuma au aluminiamu sina maneno mengi: chuma. Aluminiamu ni nyepesi, lakini tope jekundu la Mufindi na vumbi la kiangazi vinaila haraka.

Kama cheni imechoka, badilisha seti nzima. Cheni iliyorefuka haikai tena katikati ya meno, inapanda juu yake, na sproketi mpya itaanza kupinda meno mapema kama ile uliyoitoa. Ipime: vuta cheni ikaze, pima pingili 20 kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Cheni mpya ya 520 ni milimita 317.5. Vitabu vya watengenezaji hutofautiana, lakini kikomo kwa kawaida kiko kati ya 319 na 323. Ukiwa njiani huna kipimo, shika cheni nyuma kabisa ya sproketi kubwa na uivute kuelekea nyuma. Ikiachia ukaona zaidi ya nusu ya jino, imekwisha. Ule mtindo wa kukata pingili ili cheni iliyorefuka ikaze tena hausaidii chochote, kwa sababu kilichorefuka ni umbali wa kila pini, na hauondoki kwa kupunguza idadi.

Kufunga

Kosa la kawaida ni kutoa cheni kwanza. Nati ya mbele ilegezwe wakati cheni bado ipo, gurudumu liko chini, gia imeingizwa na mtu amekanyaga breki ya nyuma. Ukishatoa cheni, shafti inazunguka bure na utaishia kuchomeka bisibisi mahali pasipofaa. Kabla ya hapo safisha tope lote lililoganda nyuma ya kifuniko. Tope hilo likiingia kwenye sili ya shafti, oili itaanza kuvuja. Kinyooshe kwa patasi kile kibati kilichokunjwa kuzuia nati, kisha legeza. Pikipiki nyingi ndogo hazina nati kubwa. Zina bamba linaloshikwa na bolti mbili ndogo. Hizo zikazwe kwa kiasi, maana uzi wake ni wa milimita 6 na hukatika kirahisi.

Sasa legeza ekseli, sogeza gurudumu mbele, shusha cheni. Kabla ya kuvaa sproketi mpya ya mbele tazama shingo yake iko upande gani. Ikivaliwa kinyume, cheni inakaa pembeni kwa milimita kadhaa, meno yanalika upande mmoja, na huenda ikasugua ukuta wa injini. Paka grisi kidogo kwenye mikato ya shafti. Weka kibati kipya, kwa sababu cha zamani kikikunjwa mara ya pili hupasuka.

Sproketi ya nyuma inataka uso safi. Kipande cha kutu au rangi kikibaki kati yake na habu, itayumba. Toa na raba za ndani ya habu uziangalie: kama sproketi inacheza mbele na nyuma huku gurudumu limeshikiliwa, raba zimekwisha, na sproketi mpya haitaondoa mshtuko huo. Kaza nati kwa mpangilio wa msalaba, kidogokidogo, si moja hadi mwisho. Kama kitabu cha pikipiki hakipo, za milimita 8 zinatosha Newton-mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 25 hadi 30, za milimita 10 ni 45 hadi 50. Nati za kujifunga zenyewe zisirudiwe.

Nati kubwa za ekseli na za mbele huhitaji mara nyingi karibu Newton-mita 100, na mafundi wengi hawana spana ya torki. Chukua spana yenye mpini wa nusu mita kutoka katikati ya nati, ulaze usawa wa ardhi, na utundike kwenye ncha yake ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Hiyo ni takriban 100. Si kipimo cha maabara, lakini ni bora kuliko kuruka juu ya bomba.

Kila jino unaloongeza nyuma linasogeza ekseli mbele karibu milimita 4 kwa cheni ya 520, na kila jino unalopunguza mbele linairudisha nyuma kiasi hicho. Ukiongeza meno matatu, tafuta milimita 12 za nafasi mbele ya ekseli. Zikikosekana, nunua cheni ndefu zaidi kwa pingili mbili. Huwezi kuongeza moja, kwa sababu pingili za ndani na za nje hupokezana. Kama kiungio kinachounganisha ncha za cheni ni cha klipu, upande wa klipu uliozibika uelekee kule cheni inakokwenda. Juu ya swingamu cheni hukimbilia mbele. Ikigeuzwa, jiwe moja likiigusa inachomoka. Kwa 650 mimi hupendelea kiungio cha ribiti.

Cheni iliyokazwa mno ndiyo inayoharibu zaidi. Pikipiki nyingi za aina hii zinataka mchezo wa cheni, yaani kupanda na kushuka kwake ukiisukuma kwa kidole, wa milimita 30 hadi 50 upande wa chini, katikati. Soma kibandiko kwenye swingamu. Huonekana legevu, na ndiyo maana watu huikaza. Lakini springi zikibonyea, kuna pahali shafti, egemeo la swingamu na ekseli vinakuwa kwenye mstari mmoja, na hapo ndipo cheni inakaza kuliko popote. Isipokuwa na nafasi, inavuta beringi ya shafti kila shimo unaloingia, na beringi hiyo kuibadilisha ni kufungua giaboksi. Kaa juu ya pikipiki na mwenzako, bonyezeni hadi mstari huo utokee, mtu wa tatu aguse cheni. Inapaswa kubaki na mchezo wa kama milimita 10. Zungusha gurudumu na upime sehemu kadhaa, kisha weka kipimo kwa sehemu iliyokaza zaidi.

Alama za pande mbili za swingamu usiziamini sana. Pima kwa futi kutoka katikati ya egemeo hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia. Wakati wa kukaza ekseli, ingiza kitambaa kilichoviringishwa kati ya cheni na meno ya nyuma, zungusha gurudumu kinyumenyume likibane, na gurudumu litaegemea virekebishi vya cheni vyote viwili badala ya kusogea.

Spidomita nayo: CRF250L husoma mwendo kwenye giaboksi, hivyo ukiwa na 13 mbele itakuonyesha spidi ya juu kuliko halisi kwa karibu asilimia 8, na kilomita zitajihesabu haraka kiasi hicho. DR650 husoma gurudumu la mbele kwa kebo, haibadiliki.

Baada ya kilomita 100 hivi za mwanzo rudia kukaza nati za nyuma na upime mchezo tena. Cheni yenye oringi (vipete vya mpira kwenye pini) isafishwe kwa mafuta ya taa na brashi laini, kamwe isiwe petroli wala brashi ya waya, halafu oili ya gia ya 80W-90 kidogo kwa upande wa ndani, ukifuta inayozidi. Masika osha tope siku hiyohiyo kabla halijakauka. Kiangazi punguza oili, maana inakamata vumbi.